Nani Alitulipia Chuo Kikuu? Habari za Kodi na Elimu ya Juu Tangu Enzi za Manamba

Ndugu Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu. Ningeweza kuandika habari za mabweni, za walimu wetu na za mpira, lakini hayo wenzangu wamekwisha kuyaeleza vizuri katika matoleo yaliyopita. Zaidi ya hayo, mkutano mkuu una ajenda ya mfuko wa elimu wa chama chetu. Naona si vema tupige kura kabla hatujakumbushana jambo moja: fedha zilizotusomesha sisi zilitoka wapi?

Tukiulizwa hivyo wengi wetu hujibu upesi, "Serikali ilitusomesha." Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya jibu. Serikali haina shamba wala zizi. Kila shilingi inayotoa, imeipokea kwanza kwa mtu. Hapana budi tumtafute mtu huyo, na mimi nitamtafuta huku kwetu Kasulu, si mbali na Mtabila, ambako nimerudi kulima baada ya kustaafu.

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba katika nchi yetu mwaka 1897. Huko vijijini kiwango kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Kodi hiyo ilikuwa na shabaha mbili. Ya kwanza ilikuwa kupata fedha za kuendeshea utawala. Ya pili ilikuwa kumtoa mtu aliyejitosheleza kwa shamba lake, akatafute kazi ya mshahara kwa lazima. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliendelea na kodi ya nyumba, wakatoza pia kodi ya kichwa kwa mwanaume mzima asiyekuwa na nyumba yake.

Sisi Waha tulikuwa na ng'ombe, maharage na ulezi, lakini mtoza kodi alitaka fedha. Zao kubwa la biashara halikuwapo, na masoko yalikuwa mbali. Kilichokuwapo ni reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Basi wanaume wa Kasulu na Kibondo walitembea hadi relini wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyoitwa SILABU, na Buha ikawa moja ya sehemu zilizotegemewa sana.

Marehemu baba yangu alikwenda Tanga mara mbili. Aliporudi alihifadhi stakabadhi zake za kodi ndani ya kopo, akalificha kopo hilo kuliko fedha zenyewe. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mtwale alipopita na askari wake, mtu asiyekuwa na stakabadhi alikuwa mashakani. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa ushahidi kwamba mtu fulani, kwa jina lake, ameilipa serikali.

Je, kodi hiyo ilileta elimu gani? Kuanzia mwaka 1926 Gavana Donald Cameron aliweka hazina za wenyeji, na sehemu ya kodi ikabaki wilayani. Ilimlipa Mwami, watwale na makarani wao, ikasaidia mahakama, zahanati na shule chache za msingi. Elimu ya juu haikuwapo kabisa Tanganyika. Aliyebahatika alikwenda Makerere, Uganda, chuo kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Makerere ilipokuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya Tanganyika nayo ilitoa mchango wake. Hivyo mkata mkonge aliyekuwa hajui kusoma alikwisha kuanza kumlipia msomi, na msomi huyo hakuwa mwanawe.

Matunda ya mpango huo yalikuwa haba. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, alizoea kukumbusha kwamba tulipopata uhuru nchi nzima ilikuwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Ndiyo maana serikali ya TANU haikungoja. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Nchi maskini ilikubali kugharimia kila kitu cha mwanafunzi. Gharama ya mmoja kwa mwaka ilizidi mara nyingi pato la mkulima. Mwalimu alilieleza jambo hilo kwa mfano wa kijiji chenye njaa: wanakijiji wanampa mmoja wao chakula chote kilichobaki, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila asirudi, amewasaliti.

Mtihani wa kwanza wa mfano huo ulikuja mwaka 1966. Serikali ilitaka wahitimu watumikie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400 warudi makwao. Lakini tusisahau upande wa pili wa siku ile. Wanafunzi walikuwa wamesema kwamba viongozi wanaowadai kujinyima wanakula mishahara minono, na Mwalimu aliiona hoja hiyo. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Kwa maneno mengine alikubali kwamba deni kwa mkulima halimhusu kijana wa chuo peke yake.

Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa, na mahali pake kodi ya mauzo ikapewa uzito. Huku kwetu watu walicheza ngoma, na walikuwa na sababu, maana aibu ya kukimbizwa porini na mgambo iliondoka. Hata hivyo kodi haikufa, ilihamia dukani. Ilijificha katika bei ya sukari, sabuni na sigara, na katika bei ndogo aliyolipwa mkulima kwa kahawa au tumbaku yake. Mlipaji akabaki yule yule, ila sasa hakuwa na stakabadhi ya kuonyesha. Nami nasema kwamba tangu siku hiyo wasomi tulianza kumsahau.

Mimi niliingia Mlimani mwaka 1972. Sikulipa hata senti. Nilipewa chumba, chakula, fedha za vitabu, na waranti ya reli ya kunitoa Kigoma na kunirudisha. Likizo ya kwanza baba aliniuliza ni nani anayelipa yote hayo. Nikamjibu kwamba ni serikali. Akauliza, "Ni ile ile iliyokuwa ikinidai stakabadhi?" Nilicheka. Yeye hakucheka.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kijana akimaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aende chuo. Lengo lilikuwa ajue jasho lina ladha gani. Tarehe 5 Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge. Mamia yao walifukuzwa. Nikiyapima maandamano yale mawili, naona ya 1978 yalikuwa karibu zaidi na mkulima, kwa kuwa waandamanaji hawakudai chao. Waliuliza fedha za umma zinakwenda wapi.

Kisha ikaja miaka migumu. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vikala akiba, na bei za mazao yetu nje zikaanguka. Kodi ya maendeleo kwa kila mtu mzima ilirudishwa katika miaka ya mwanzo ya 1980, na watu wa Kasulu wakaanza tena kutunza stakabadhi. Ilifutwa mwaka 2003. Vyuoni nako, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990, wazazi walitakiwa kuchangia gharama. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2016 makato ya wadaiwa walioajiriwa yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondoa asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka ili kulinda thamani ya deni.

Wajukuu zetu wanalalamika kwamba sisi tulisoma bure na wao wanasoma kwa deni. Ni kweli, na tusiwakemee. Lakini hata mkopo huo hautoki hewani. Kila mwaka bajeti hutenga mamia ya mabilioni ya shilingi kwa mikopo, na sehemu kubwa ni kodi. Anayerejesha mkopo wake anamrudishia mkulima, na anayekwepa anamwibia huyo huyo.

Nimeitaja Mtabila kwa sababu hapo mambo haya yanaonekana kwa macho. Palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Watoto wa kambi ile walisoma kwa mtaala wa kwao, na mlango wa vyuo vyetu ulikuwa mbali nao. Hata hivyo kila mama mkimbizi aliyenunua sabuni au betri katika duka la Mtanzania aliacha senti kadhaa katika hazina yetu. Sasa mahali hapo pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013, na Mtabila ni miongoni mwa kambi zinazopokea vijana waliomaliza kidato cha sita. Wakitoka hapo wengi wanakwenda chuo kikuu. Wakulima wa vijiji vya jirani wanawaona wakija na kuondoka. Ni wachache kati yao wenye mtoto aliyefika huko, lakini wote wanalipa.

Ndugu zangu, nimesoma pendekezo kwamba mfuko wetu usaidie watoto na wajukuu wa wanachama tu. Naheshimu nia ya walioliandika, maana damu ni nzito kuliko maji. Lakini naomba mkutano ulikatae. Waliotulipia hawakuuliza kama sisi ni wana wao. Naomba angalau nusu ya mfuko iende kwa watoto wa vijiji vinavyoizunguka shule yetu, wale ambao wamechaguliwa kwenda chuo na kukwama kwa nauli, godoro na ada ya mwanzo. Na kila atakayesaidiwa apewe barua yenye kueleza fedha hizo zimetoka kwa nani, tangu mkata mkonge hadi mwanachama wa leo. Hiyo itakuwa stakabadhi yao. Nawatakia mkutano mwema.