Mtepe: chombo kilichoishi kwa kushonwa upya

Kuporomoka kwa sehemu ya mbele ya jengo la Beit el Ajaib mjini Unguja, tarehe 25 Desemba 2020, kulikosababisha vifo vya watu wawili, kulizungumzwa zaidi kama msiba wa majengo ya kale, na kwa haki, kwa kuwa jengo hilo lilijengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash na limo ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000. Halikutajwa sana kwamba jengo hilohilo ndimo ulimowekwa mtepe wa ukubwa kamili, uliopewa jina la Shungwaya, ambao mafundi waliuunda ili Waswahili wa leo wakione kwa macho chombo kilichobeba biashara ya mababu zao.

Mtepe ulikuwa chombo cha tanga kilichoundwa bila msumari hata mmoja wa chuma, mbao zake zikiwa zimeshonwa ubavu kwa ubavu kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake likiwa mkeka wa mraba uliosukwa kwa majani ya mkindu au mkoma. Makao yake makuu yalikuwa visiwa vya Lamu, hasa Pate na vijiji vya Wabajuni, na shehena yake iliyojulikana zaidi ilikuwa boriti, yaani miti ya mikoko ya kuezekea nyumba, iliyopelekwa Mombasa na Unguja. Maelezo mengi yaliyopo yanatokana na wataalamu wawili wa kigeni: James Hornell, aliyeandika juu ya mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, na A. H. J. Prins, ambaye kitabu chake juu ya mabaharia wa Lamu kilitoka mwaka 1965.

Ukale wa ufundi huu hauna ubishi. Periplus, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unataja vyombo vidogo vya kushonwa katika pwani hii, pamoja na mitumbwi ya kuvulia samaki na kasa. Ubishi uliodumu kwa karne nyingi ulihusu sababu ya kushona badala ya kupigilia misumari.

Hadithi iliyopendwa na wengi ilidai kwamba baharini kuna majabali ya sumaku yanayong'oa misumari na kukiacha chombo kikisambaratika. Katika karne ya 6, Procopius, mwanahistoria wa dola ya Rumi ya Mashariki, aliikataa kwa hoja iliyo wazi, kwamba meli za Warumi zenye chuma zilipita Bahari ya Shamu bila kudhurika, kisha akaleta maelezo yake mwenyewe, kwamba watu wa huko hawakuwa na chuma na sheria ya Rumi ilikataza wasiuziwe. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad wa karne ya 10, alisema maji ya Bahari ya Hindi hula chuma. Marco Polo, aliyeziona meli za kushonwa huko Hormuz katika karne ya 13, alizidharau na kuziita hatari. Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kusafiri sana katika bahari hii, alieleza kwamba chombo chenye misumari kikigonga mwamba huvunjika, ilhali kilichoshonwa hunyumbuka na kusalimika.

Hoja ya Procopius haifai kwa pwani ya Afrika Mashariki, kwa sababu al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, anaitaja Malindi kuwa mji uliochimba na kuuza chuma. Chuma kilikuwepo, waliokuwa nacho walichagua kamba. Kwa hiyo kauli ya Ibn Battuta ndiyo yenye uzito, kwani pwani hii imejaa miamba na vyombo vyake hupwelewa kila maji yanapokupwa, vikalala juu ya mchanga na mawe.

Uteuzi huo ulikuwa na gharama yake, nayo ni matunzo yasiyokwisha. Makumbi yalifukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa kwa magongo hadi nyuzi zikaachana, ndipo yakasokotwa kuwa kamba. Fundi alitoboa mbao kwa kekee, akapitisha kamba, akaikaza, kisha akaziba kila tundu kwa kijiti cha mti. Hata hivyo chombo kilivuja, na baharia mmoja au zaidi hakuachana na kukumba maji safari nzima. Kamba zilizochoka zilikatwa na mbao zikashonwa upya. Mbao zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, dawa ambayo msafiri Ibn Jubayr aliishuhudia mwaka 1183 katika bandari ya Aydhab, akaisifu kuliko mafuta mengine kwa kuzilainisha mbao zisipasuke kwenye miamba.

Misumari ya viwandani ilipopatikana kwa bei nafuu, majahazi ya kupigiliwa yaliubeba mzigo wa mtepe, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ukatoweka baharini. Madau, mashua na ngalawa bado hukalafatiwa, yaani huzibwa nyufa kwa pamba na mafuta, na kupakwa deheni ya chokaa na shahamu sehemu ya chini. Mwaka 2018 Lamu ilishusha majini Flipflopi, dau lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa, nalo lilisafiri hadi Unguja mwaka uliofuata.

Fahari ya Flipflopi ni ya haki, lakini haitoshi. Chombo cha kushonwa hakihifadhiki kwa kuwekwa nyuma ya kamba ya makumbusho, kwa maana ufundi wake umo katika mikono inayokishona tena. Mamlaka za makumbusho za Kenya na Zanzibar ziwalipe mafundi wa Pate, Lamu na Unguja ili washone chombo kimoja, hata kidogo, mbele ya vijana, wakishushe majini, na msimu unaofuata wakipandishe pwani wakishone tena.