Kutoka Forodha ya Zanzibar hadi Karo ya Kamere

Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, ni makazi ya wavuvi na vibarua wa mashamba ya maua. Mshahara hapa huwa umeshagawanywa kabla haujaingia: kodi ya chumba, deni la dukani, mchango wa chama. Kwa miaka mingi, barua ya kuitwa shule ya bweni ilileta shangwe asubuhi na mahangaiko jioni. Sanduku la chuma, godoro, sare, karo: nani atalipa?

Siku hizi jibu moja ni benki, na wakopeshaji wa Afrika Mashariki kuwafaa maskini si jambo la jana. Tharia Topan, aliyekodi forodha ya Zanzibar, alikuwa benki ya mtu mmoja. Fedha zake ndizo zilizotuma bara misafara ya Tippu Tip, nayo ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini Unguja, akafariki 1891 kabla haijakamilika. Jengo hatimaye likauzwa. Sewa Haji Paroo, mfadhili wa misafara Bagamoyo, aliona mbali zaidi: 1896 alitoa jumba liwe shule, kwa sharti kwamba lipokee watoto wa rangi zote. Alifariki 1897, lakini jina lake lingali katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Huku bara, mtu wa kutajwa ni James Mwangi, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, 1962, akalelewa na mama mjane. Alipojiunga na Equity Building Society, iliyoanzishwa 1984, Benki Kuu ilikuwa imeiona kuwa imefilisika. Mwangi aliwageukia wale ambao benki kubwa ziliwafukuza mlangoni: wauza mboga, wakulima wa chai, vibarua. Ikawa benki kamili mwishoni mwa 2004. Tangu 1998 ilikuwa ikiwasaidia vijana waliong'ara katika mtihani kuingia chuo kikuu, na 2010, pamoja na Mastercard Foundation, ikaanza Wings to Fly, mpango wa kuwasomesha sekondari watoto werevu wa familia maskini.

Hapo ndipo ninapouona ufundi wa Mwangi. Hela hazikugawiwa na meneja peke yake. Kamati za wenyeji, wakiwemo walimu, viongozi wa dini na machifu, huwahoji watoto, na nyumba zao hukaguliwa. Anayefaulu hulipiwa karo, vitabu, sare, nauli, hata pesa za matumizi. Asiyejua kukaa bwenini bila hata shilingi ya sabuni atadhani hilo la mwisho ni dogo.

Wako wanaonung'unika kwamba hii ni biashara iliyovaa kanzu: wanaofanya vizuri zaidi hupata kazi ya muda matawini kabla ya chuo, na wazazi hufungua akaunti. Ni kweli, wala sioni ubaya. Hospitali ya Topan haikuwa na faida kwa yeyote aliyebaki hai, ikapigwa bei. Karo inayomletea benki wateja ina mtu wa kuitetea mezani kila bajeti inapokatwa.