Nywele za Biharusi Huanzia Jikoni: Tulichokula Visiwani Tangu Zamani



Mfunguo Mosi ukiingia, sisi tunaoshona magauni ya harusi hatupati usingizi. Mabiharusi wanakuja kupimwa, na kati ya futi kamba na pini swali ni lile lile: nipake mafuta gani nywele zijae? Hakuna anayetuuliza ale nini. Leo tuangalie historia yetu, maana wazee wetu hawakutenganisha cha kupaka na cha kula.

Tuanze na nazi. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika pwani yetu mwaka 1331, alieleza jinsi watu wa Dhofar, huko Oman, walivyotengeneza mafuta ya nazi. Nazi ilikatwa vipande, ikaanikwa juani, kisha ikapikwa mpaka mafuta yakatoka. Waliwashia taa, wakachovya mkate wakala, na wanawake wakapaka nywele. Mafuta ni yale yale, yanaliwa na yanapakwa. Dini yetu nayo imetufundisha hivyo kwa zaituni: katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amehimiza tule mafuta yake na tujipake.

Kabla ya wali

Wengi tunadhani wali ndio chakula chetu cha tangu na tangu. Sivyo. Wachimbaji wa mambo ya kale Pemba, katika magofu ya Tumbe na Chwaka, wamekuta punje za nafaka zilizoungua. Kabla ya mwaka 1000 nafaka kubwa ilikuwa uwele. Mchele ulikuja kutawala Chwaka katika karne zilizofuata, wakati miji ilikuwa inakua na Uislamu unashika mizizi.

Kwa nini tunalitaja hili kwenye habari ya nywele? Kwa sababu uwele una madini ya chuma mengi kuliko mchele mweupe. Aliyehamia kwenye wali alihitaji kitu pembeni cha kufidia.

Na hicho kitu kilikuwepo. Ibn Battuta alipokaribishwa Mogadishu aliletewa wali wa samli na mchuzi wenye nyama, kuku, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Wali haukukaa peke yake kwenye sinia.

Baadaye ukaja muhogo, asili yake Marekani ya Kusini, ulioletwa Afrika na Wareno. Wanawake wa huku hawakuishia kwenye mizizi. Walichuma majani, wakayatwanga, wakayachemsha sana kuondoa sumu yake, wakaunga kwa tui. Kisamvu hicho ndicho leo tunakiona chakula cha shida, na biharusi anaona haya kukiomba.

Nywele zinataka nini

Unywele umejengwa kwa protini inayoitwa keratini. Mwili unaitengeneza kutokana na protini ya tunachokula, na kunde, mbaazi, choroko, karanga na ufuta vina protini nzuri. Chuma nacho ni muhimu, maana mwanamke mwenye upungufu wa damu mara nyingi nywele zake hupukutika. Mchicha, kisamvu na kunde vina chuma, lakini chuma cha mimea mwili hukipokea kwa shida. Ndimu, pera au embe hukisaidia kuingia, na ndiyo faida ya ile achari ya wazee. Chai ya rangi juu ya chakula hukizuia, basi iache saa moja au mbili zipite. Na anayekula mimea mitupu bila samaki, mayai wala maziwa, ajue kuwa vitamini B12 haipatikani kwenye mboga, amuulize daktari.

Gauni na njaa

Linalotuuma sisi mafundi ni hili. Biharusi anapimwa leo, akija kujaribu gauni linampwaya. Ameshinda na maji ya ndimu na biskuti ili kiuno kiingie. Mwili ukinyimwa chakula ghafla huanza kubana matumizi, na nywele ndizo za kwanza kuachwa. Hazidondoki siku hiyo. Zinadondoka miezi miwili mitatu baadaye, harusi imeshapita, na bibi anaogopa kuvua mtandio mbele ya mumewe. Wengine hapo hukimbilia nywele za kuunga, na tunajua Mtume (S.A.W.) amezikemea.

Gauni tunalipunguza kwa mchana mmoja. Nywele hukua kama sentimita 1 tu kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye kutaka nywele za harusi aanze miezi sita kabla: asubuhi mbaazi za nazi, mchana wali kidogo na mchicha au kisamvu kingi, ndimu ikamuliwe juu, jioni choroko au kunde. Singo, liwa na mafuta ya nazi vifuate, somo anajua kazi yake. Zikiwa zinapukutika sana, nenda hospitali upimwe damu kwanza, usimalizie pesa kwenye vichupa.

Nywele ni neema na tumeamrishwa kuzitunza. Jiko la bibi zetu lilizitunza kwa mboga za uani, na mboga hizo bado zipo sokoni kwa bei nafuu.

Allah awape mabiharusi wetu afya, heri na ndoa zenye mapenzi na huruma. Aamin.