Norton: jina la 1898 mikononi mwa watengenezaji wa TVS

Kama umewahi kupanda bodaboda Dar, Mwanza au Nairobi, huenda umeshakalia TVS bila hata kuangalia maandishi kwenye tangi. Sasa, kampuni hiyohiyo ya India, TVS Motor, mwezi wa Aprili 2020 ilitoa kama pauni milioni 16 ikanunua Norton, moja ya majina ya zamani kabisa ya pikipiki za Uingereza. Ukinunua jina la namna hiyo, unakuwa umenunua nini hasa? Tuirudie historia kidogo, maana jibu limejificha kwenye mpira. Ndiyo, mpira.

James Lansdowne Norton alianza Birmingham mwaka 1898 akiuza vipuri vya baiskeli, na pikipiki zake za mwanzo zilitumia injini za watu wengine. Mwaka 1907 Rem Fowler alishinda daraja la silinda mbili katika mashindano ya kwanza ya TT ya kisiwa cha Man, akiwa juu ya Norton yenye injini ya Peugeot. Kwa hiyo hata ushindi wa kwanza ulibebwa na chuma cha Ufaransa! Wanaolalamika leo kwamba Norton ya Wahindi si Norton wangeanzia hapo.

Sifa kubwa ilikuja baadaye, na ilitoka kwenye fremu. Mwaka 1950 Rex McCandless, fundi wa Belfast, aliwapa fremu ya mabomba ya chuma yaliyozunguka injini pande zote mbili. Haikujipinda hovyo kwenye kona, na waendeshaji wakaifananisha na godoro la manyoya. Mwaka huohuo Norton zilishika nafasi tatu za juu kwenye mbio zote mbili kubwa za TT.

Injini ndiyo iliyokuwa na mambo. Ile ya silinda mbili, iliyochorwa na Bert Hopwood mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa na pistoni zinazopanda pamoja na kushuka pamoja. Milipuko hupishana kwa nafasi sawa, na hiyo ni nzuri. Lakini fikiria umebeba nyundo mbili, unazirusha juu na kuzishusha kwa wakati mmoja: mwili mzima utatikisika. Tena mtikisiko huo haukui taratibu. Mizunguko ya injini ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotikisa inaongezeka mara nne.

Kwenye sentimita za ujazo 500 ilivumilika. Ila soko, hasa la Marekani, lilitaka nguvu zaidi, basi injini ileile ikawa inapanuliwa tu: 600, 650, na mwaka 1962 ikafika 750 kwenye modeli iliyoitwa Atlas. Hiyo ilitetemesha mikono ya mtu na kulegeza nati.

Dawa ya kweli ilikuwa kuchora injini mpya. Hela ya kufanya hivyo haikuwepo. Kampuni iliyoimiliki Norton tangu 1953 ilianguka mwaka 1966. Wamiliki waliofuata wakaja na Commando ya 1967. Humo injini, giaboksi na mkono wa gurudumu la nyuma vilifungwa pamoja kama kitu kimoja, kisha vikashikizwa kwenye fremu kwa vipande vya mpira. Injini iliendelea kutikisika vilevile, ila dereva hakuusikia mtikisiko. Mimi naiona ni akili kubwa sana, na wasomaji wa gazeti la Motor Cycle News waliichagua pikipiki bora ya mwaka mara tano mfululizo, 1968 hadi 1972.

Tatizo ni kwamba mpira ule ulificha ugonjwa. Mwaka 1969 Honda ilileta CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, na inawaka kwa selfu. Mwenye Commando aliendelea kupiga kiki mpaka 1975. Miaka miwili baadaye uzalishaji wake ulikwisha.

Kuanzia hapo jina lilipita mikono mingi. Kulikuwa na injini ya rota, iliyompa Steve Hislop ushindi wa TT mwaka 1992. Kulikuwa pia na mmiliki wa kuanzia 2008 aliyeingiza fedha za pensheni za watu zaidi ya 200 kwenye kampuni, na baadaye akakiri kosa mahakamani. Januari 2020 Norton ikafilisika tena. TVS walipozikagua pikipiki za V4 zilizokuwa zimeshauzwa, walikuta kasoro za usalama zaidi ya 30, na wenye nazo wakaambiwa wasiziendeshe.

Ndicho walichonunua: jina, na deni la uhandisi. Walijenga kiwanda kipya Solihull, na mwaka 2022 wakatangaza kuongeza pauni milioni 100. Novemba 2025, kwenye maonyesho ya Milan, walionyesha pikipiki mpya kadhaa. Mojawapo inaitwa Atlas, jina la ile iliyokuwa ikilegeza nati. Ni ya silinda mbili pia, ila krenki yake imepangwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo pistoni moja ikifika juu kabisa, nyenzake iko katikati ya safari.