Uso wa Mama Idia

Ndugu msikilizaji, umewahi kwenda kwa jirani kuomba akuazime kitu chako mwenyewe, naye akakunyima? Yaliipata Nigeria. Mwaka 1977 Lagos iliandaa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa na utamaduni wa watu weusi. Nembo yake ilikuwa kinyago cha uso wa mwanamke, kilichochongwa kwa pembe ya ndovu. Kinyago chenyewe kiko London, katika jumba la makumbusho la British Museum. Nigeria iliomba kuazimwa kwa ajili ya tamasha tu. Ikajibiwa kwamba pembe imezeeka mno, haitastahimili safari.

Mwanamke huyo ni Idia, mama yake Oba Esigie, aliyetawala Benin mwanzoni mwa karne ya 16. Benin hii ni ufalme wa kale wa kusini mwa Nigeria. Tusiichanganye na nchi jirani ya Dahomey, iliyojipa jina hilo mwaka 1975.

Kinyago ni kifupi kuliko rula ya mwanafunzi. Uso umetulia, na kwenye paji vimepachikwa vipande viwili vya chuma. Juu ya kichwa, kama taji, vimepangwa vichwa vidogo vya Wareno wenye ndevu. Sisi wa pwani ya mashariki Wareno walituachia ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Kule Benin walileta shaba ya kununulia bidhaa, nao mafundi wa mfalme wakawageuza pambo la mama yake.

Kilifikaje London? Januari 1897 ofisa wa Kiingereza, James Phillips, alikwenda Benin na wenzake ingawa aliambiwa asubiri, kwa kuwa Oba alikuwa katika ibada. Walivamiwa njiani, karibu wote wakauawa. Hilo lilitokea, wala hatulifichi. Februari jeshi la Uingereza likauteka mji, na maelfu ya vitu vya shaba na pembe yakachukuliwa. Oba Ovonramwen alihamishiwa Calabar, akafia huko mwaka 1914. Kinyago cha Idia kilitolewa sandukuni, katika chumba cha kulala cha mfalme, na mwaka 1910 jumba lile likakinunua.

Kwa hiyo pembe hii ilikwisha kusafiri baharini, tena ikitoka vitani, ikafika salama. Safari ya kurudi ndiyo ikaonekana ya hatari!

Lagos haikukata tamaa. Kilichongwa kinyago kingine, na sura ya Idia ikachapishwa kila mahali.

Wengine wamelegeza mkono tangu wakati huo. Mwaka 2022 Ujerumani ilianza kurudisha vitu vya Benin, na mwaka 2025 Uholanzi ikarudisha 119. London wanataja sheria yao ya mwaka 1963, inayowabana wadhamini wa jumba hilo wasitoe mali yake ila kwa sababu chache. Sheria hiyo ilitungwa na Bunge lao wenyewe, miaka 66 baada ya sanduku lile kufunguliwa.