Kibanda cha Wote na Chombo cha Mmoja

Msomaji, huenda umepata kusikia swali hili: kuna faida gani kuweka mahali pa watu wote mashine yenye kioo cha kugusa, ili kila mtu ajihudumie, hali wengi wana simu au tableti zao wenyewe? Swali ni zuri, ila si geni. Mombasa ilikwisha kulijibu, tena zaidi ya mara moja.

Zamani za ujana wa wazazi wako, mtu wa Mishomoroni asiye na simu nyumbani, na hao ndio waliokuwa wengi, alikwenda penye kibanda cha simu. Alitia sarafu, akasema haja yake upesi upesi, na walio nyuma yake katika foleni wakasikia mambo ya nyumbani kwake. Mwaka 1999 shirika la serikali la posta na simu liligawanywa. Mwaka 2000 Safaricom na KenCell zikashindania wateja wa simu za mkononi. Simu ikaingia mfukoni, na vibanda vile vikaachwa kuota kutu. Ukiishia hapa, utasema kwamba chombo cha mmoja hukiua chombo cha wote.

Basi usiishie hapa. Machi 2007 ilianza M-Pesa, na fedha zikawa zasafiri kwa simu. Yamkini ungedhani kuwa sasa kibanda hakina kazi tena. Kumbe ndipo kilipozaliwa upya! Simu haimezi noti wala haitoi noti. Lazima awepo wakala wa kupokea fedha taslimu na kukutilia thamani yake katika simu, au kukuhesabia noti mkononi. Ndiyo maana hata leo, pale Mishomoroni, wenye simu husimama dirishani kwa wakala. Saiba nazo ni vivyo hivyo: mwenye simu nzuri huenda huko kujaziwa fomu za eCitizen, kwa kuwa yupo kijana ajuaye pa kubonyeza, na ipo mashine ya kuchapa.

Kioo cha kugusa chenyewe si kitu cha jana, Mwingereza E. A. Johnson alikiandikia makala mwaka 1965, akiwafikiria waongozao ndege.

Sasa mfikirie mzee mwenye simu ndogo, ile iitwayo mulika mwizi. Haina kioo cha kusomea fomu ndefu. Akivuka daraja la Nyali kwenda Kituo cha Huduma kisiwani (vituo hivi vilianza nchini mwaka 2013), atamkuta karani mezani. Mashine ya kugusa ikiwekwa hapo itamfaa, maana akikosea yupo wa kumwonyesha. Lakini ikisimamishwa peke yake kando ya barabara ya Mishomoroni, mwenye tableti hataihitaji, na mzee hataiweza. Mimi sioni kwa nini isiote kutu kama vibanda vile vya sarafu.