Kapita wa Duka katika Nchi ya Sandoa

Tarikhi ya biashara katika nchi ya Sandoa, kando ya mto Lulua huko Kongo, haikuanza na kufuli wala meza ya duka, maana tangu enzi za wafalme wa Kilunda walioitwa Mwata Yamvo misafara ya pembe na nguo ilikatiza milki ya Walunda, na mwenye mali aghalabu alikaa mbali akamtuma mtu wake. Pedro João Baptista na Amaro José, watumwa wa tajiri wa Kireno wa Kasanje katika Angola, walishika njia hiyo mwaka 1802, wakazuiliwa kwa Kazembe, mfalme wa Walunda wa mashariki, kiasi cha miaka 4, wasifike Tete, mji wa Wareno kwenye mto Zambezi, ila mwaka 1811. Faida ilikuwa ya bwana, kifungo kikawa chao.

Walipokuja Wabelgiji, mtu huyo wa kutumwa akaitwa kapita. Ndiye aliyefungua kantini asubuhi, akapima kitambaa, akagawa chumvi kwa kikombe na mafuta ya taa kwa chupa, akatia kila kitu daftarini, ilhali duka lenyewe lilikuwa la Mgiriki au Mreno aliyepita mara mojamoja kukagua hesabu. Na kikipungua kitu, aliulizwa yeye. Simtakasi kupita kiasi: katika enzi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji kapita wa makampuni ya mpira alishika bunduki akawadhulumu wanavijiji, na chuki ya jina hilo haikufutika upesi.

Baada ya uhuru balaa zikafuatana. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka ya wageni yapewe Wazaire, na wengi waliopewa wakauza shehena wakaacha rafu tupu, watumishi wakabaki bila ujira. Mei 1978 waasi wa FLNC waliiteka Kolwezi, mji wa machimbo, na maduka yakaporwa. Kisha Septemba 1991, askari wa Kinshasa walioghadhibishwa na mshahara duni walipoanza kupora, balaa hilo likaenea hata Kolwezi na Lubumbashi. Ufaransa na Ubelgiji zikaleta majeshi kuwaondoa wageni, tajiri akapanda ndege. Kapita hakuwa na pa kupanda, naye ndiye aliyejulikana mtaani kuwa mwenye funguo.

Habari za siku hizo za uporaji zimeandikwa kwa wingi kwa upande wa wanajeshi na wa machimbo. Ewe msomaji wa Kolwezi au Sandoa, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee aliyepata kuwa kapita, mwulize alijificha wapi, na ni nani aliyemlipa hasara yake, kisha uandike majibu yake.